Tuliyojifunza kwa Kutabiri Tour de France

Tarehe 19 Septemba 2020 Primož Roglič alianza hatua (yaani siku ya mbio) ya 20 kati ya 21 za Tour de France, mbio za baiskeli za wiki tatu huko Ufaransa, akiwa mbele ya Tadej Pogačar kwa sekunde 57. Zilikuwa zimebaki kilomita 36.2 za kushindana na saa, kila mmoja peke yake barabarani, na mwisho wake ulikuwa juu ya mlima wa La Planche des Belles Filles. Kesho yake ilikuwa ni kuingia Paris tu, siku ambayo kwa desturi anayeongoza hashambuliwi. Karibu kila aliyekuwa akitabiri alishafunga daftari lake. Roglič akapoteza dakika 1 na sekunde 56 siku hiyo, na Pogačar akatwaa Tour kwa tofauti ya sekunde 59.

Utabiri mwingi wa wiki ile ulianguka kwa sababu moja. Watu walilitazama pengo na kuuliza kama ni kubwa. Hawakuuliza barabara iliyobaki inaweza kula sekunde ngapi. Anayetaka kutabiri mbio za wiki tatu lazima aanze na swali hilo la pili, kwa sababu mshindi wa jumla ni yule mwenye jumla ndogo ya muda baada ya hatua 21, hata kama hakushinda hatua nyingi. Egan Bernal alitwaa Tour ya 2019 bila kushinda hatua hata moja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina lolote, chukua njia ya mbio. Waandaaji huitangaza mwezi Oktoba wa mwaka uliotangulia, na michoro ya kila hatua hutoka miezi kadhaa kabla ya mbio. Piga mistari 21 kwenye karatasi, mstari mmoja kwa kila hatua, na mbele yake andika sekunde zinazoweza kupotea kati ya wagombea wawili wa jezi ya njano, ile ya anayeongoza msimamo wa jumla. Hatua tambarare ni sifuri, isipokuwa kuwe na upepo au ajali. Hatua ya vilima vifupi ni sekunde chache, pamoja na sekunde za zawadi mstarini, ambazo ni 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza. Mlima mmoja mwishoni mwa siku nyepesi huleta sekunde 20 hadi 60. Siku ya milima mitatu mikubwa inayoishia juu ndiyo inayovunja watu, na hapo andika dakika mbili au zaidi. Kwenye hatua ya kushindana na saa, hesabu sekunde 1 hadi 3 kwa kila kilomita kati ya aliye hodari wa kazi hiyo na asiye hodari. Mwaka 2025 huko Caen, kwenye kilomita 33 tambarare, Jonas Vingegaard alipoteza kwa Pogačar dakika 1 na sekunde 5, yaani karibu sekunde 2 kwa kilomita. Ni nadra kuvuka hapo, lakini imewahi kutokea: mwaka 2023 kati ya Passy na Combloux, kilomita 22.4, Vingegaard huyo huyo alimpiga Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38.

Ukishajaza karatasi hiyo utaona kuwa hatua kumi na tano hivi hazina uzito wowote kwa jezi ya njano. Uzito wote umekaa kwenye hatua tano au sita. Kisha tazama zimekaa wapi. Zikiwa zimerundikwa wiki ya tatu, mtu mwenye mwili unaochoka polepole ana faida, na yule aliyeng'ara wiki ya kwanza asikubabaishe. Julian Alaphilippe alivaa njano siku 14 mwaka 2019 akamaliza wa tano.

Baada ya njia, watu. Hapa kosa linalotugharimu zaidi ni kumhukumu mwendesha baiskeli kwa siku moja mbaya. Mwaka 2022, kwenye mlima wa Granon unaofika mita 2,413, Pogačar alipoteza dakika 2 na sekunde 51 kwa Vingegaard. Mwaka uliofuata, siku ya Col de la Loze, mita 2,304, akapoteza dakika 5 na sekunde 45. Watu wakahitimisha kuwa milima inayozidi mita elfu mbili haimfai, na kwa muda mrefu wakawa wanamkata asilimia kila walipoona mlima mrefu kwenye ramani. Walisahau kuuliza kilichosababisha. Mwaka 2022 Jumbo-Visma, timu ya Vingegaard na Roglič, ilimshambulia kwa zamu tangu mlima wa Galibier, Roglič mara hii, Vingegaard mara ile, naye akamfuata kila mmoja mwenyewe kwa sababu wasaidizi wake walikuwa wameisha. Mwaka 2023 alikuwa amevunjika mkono mwezi Aprili katika mbio za Liège–Bastogne–Liège, akakosa wiki nyingi za mazoezi. Sababu zile hazikuwepo tena miaka iliyofuata. Mwaka 2025 walirudi Col de la Loze ile ile, naye akamaliza mbele ya Vingegaard.

Kanuni tunayoifuata sasa ni hii: kila unapoandika kwamba fulani "hawezi" jambo, andika pembeni sababu ya kushindwa kwake, halafu uliza kama sababu hiyo ipo mwaka huu. Ikiwa haipo, futa.

Mbio za maandalizi nazo zinadanganya kwa namna yake. Mwezi Juni wagombea wengi hupitia mbio ambazo hadi 2025 ziliitwa Critérium du Dauphiné, na matokeo yake hunukuliwa kama hati ya mahakama. Mwaka 2025, kwenye hatua ya saa ya Dauphiné, Vingegaard alimpita Pogačar kwa sekunde 28. Mwezi mmoja baadaye huko Caen mambo yakageuka kwa dakika nzima. Lakini mlimani picha ya Juni ilikuwa ya kweli, maana Pogačar alitawala milima ya Dauphiné na akaitawala ya Julai. Ndiyo maana tunapima mbio za maandalizi kwa siku kadhaa za aina moja, wala hatupimi kwa siku moja ya saa. Siku moja ya saa inaweza kuharibiwa na upepo uliogeuka, na mtu aliyepanga kujipima tu, au na kasi mbaya ya kilomita tano za mwanzo.

Kisha hesabu wasaidizi. Kila timu ina watu wanane, na walikuwa tisa hadi 2017. Kwa timu inayotaka njano, tafuta angalau watatu wanaoweza kubaki na kiongozi wao kwenye mlima wa mwisho wakati kundi limebaki na watu kumi na tano, na wawili wenye miili mizito wa kuvuta tambarare na kumkinga na upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake tambarare huokoa takriban theluthi ya nguvu zake, kwa hiyo kiongozi asiye na wa kumkinga hulipa kila siku deni ambalo huoni kwenye msimamo hadi wiki ya tatu. Mtu mmoja akitoka, hesabu upya. João Almeida, msaidizi wa Pogačar, alianguka hatua ya 7 mwaka 2025 karibu na Mûr-de-Bretagne na kuacha mbio hatua ya 9. Utabiri mzuri wa siku hiyo haukuwa kumwondoa Pogačar kileleni, bali kupunguza nafasi ya timu yake kuweka watu wawili katika watano bora hadi sifuri, na kungoja kuona wapinzani watamshambulia kwa umbali gani.

Kuna jambo ambalo mashabiki hawapendi kulihesabu, nalo ni kuacha mbio. Mwaka 2023 walianza 176, wakafika Paris 150. Mwaka 2024 walianza 176, wakafika 141 Nice, mbio zilikoishia mwaka huo. Mwaka 2025 walianza 184, wakafika 160. Kwa kifupi, kati ya watu 13 na 20 katika kila mia hawamalizi. Viongozi hulindwa na timu zao, kwa hiyo hatari yao ni ndogo kuliko hiyo, lakini si sifuri kamwe. Mwaka 2023 huko Bilbao, siku ya kwanza tu, ajali moja ilimtoa Enric Mas papo hapo, na Richard Carapaz akashindwa kuanza siku ya pili. Sisi humpa kiongozi aliyelindwa vizuri nafasi ya 90 hadi 93 kati ya 100 ya kumaliza, na aliyewahi kuanguka mara nyingi tunampa 85. Halafu tunazidisha. Ukiamini mtu atashinda mara 70 kati ya 100 endapo atamaliza, na nafasi yake ya kumaliza ni 90, basi utabiri wako ni 63, wala si 70. Hizo saba zilizopungua ni za lami, mvua na magurudumu yanayogusana.

Ukishakubali hesabu hiyo, inakubidi pia uache kuandika jina moja moja. Kumi bora zilizopangwa kwa mpangilio kamili ni kama mkeka wa mechi kumi: kila jina peke yake linaonekana salama, yote pamoja hayatimii. Gawa asilimia mia kati ya majina. Tenga sehemu kwa "mwingine yeyote", na usiifanye ndogo kupita kiasi.

Mtu aliyezoea mpira wa miguu hushangaa tunapomwambia kuwa ni rahisi zaidi kutabiri mshindi wa wiki tatu kuliko mshindi wa Jumanne. Sababu ni kwamba muda wa jumla husawazisha bahati, lakini hatua moja haina cha kuisawazisha. Hata sprinta (mwenye kasi kali ya mita za mwisho) bora duniani kwenye hatua tambarare hatumpi zaidi ya 35 kati ya 100. Kilomita tano za mwisho zina mizunguko, kona, watu wa timu nane wanaotaka nafasi ile ile, na mtu aliyefungiwa kwenye ukingo wa kushoto akiwa na miguu ya kushinda. Tazama mchoro wa kilomita tatu za mwisho: barabara iliyonyooka ya upana wa kutosha humpendelea mwenye kasi kubwa kabisa, kona ya mita 400 kabla ya mstari humpendelea mwenye treni nzuri ya wenzake wanaomvuta mbele yake, kwa sababu anayeingia kona akiwa wa sita hatakuwa wa kwanza, mwinuko wa asilimia 4 au 5 mwishoni huwatoa wazito na kuwaleta watu wa aina ya Biniam Girmay.

Girmay ndiye mfano unaofundisha zaidi kuhusu jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Mwaka 2024 Mwafrika huyu kutoka Eritrea alishinda hatua tatu, akianzia Turin, akawa Mwafrika wa kwanza mweusi kushinda hatua ya Tour, na akaichukua kijani hadi Nice. Aliimaliza na pointi 387 dhidi ya 354 za Jasper Philipsen. Pengo ni pointi 33. Sasa rudi hatua ya 6, Dijon. Philipsen alivuka mstari akiwa wa pili, lakini waamuzi wakamshusha kwa kuacha njia yake na kumbana Wout van Aert. Alipoteza pointi 30 za nafasi ya pili, na Girmay akapanda kutoka wa tatu hadi wa pili, kutoka pointi 20 hadi 30. Uamuzi mmoja wa mezani ulihamisha pointi 40.

Kwa hiyo anayetabiri kijani asitazame nani ana kasi tu. Hatua tambarare hutoa pointi 50 kwa mshindi, hatua ya milima mikubwa 20. Kuna pia sprinti ya katikati ya hatua, mstari wa njiani unaotoa pointi, na mtu anayeweza kupita kilima cha kilomita nne akiwa bado na kundi atakusanya siku ambazo wenye kasi kuliko yeye wako nyuma kwa dakika ishirini. Hesabu hatua tambarare za kweli kwenye ile karatasi yako. Zikiwa saba au zaidi, mpe mwenye kasi. Zikiwa tano, mpe anayepanda. Na hapa pia kuna ajali: Philipsen alishinda hatua ya kwanza ya 2025 huko Lille, akaanguka hatua ya 3 kwenye sprinti ya katikati akiwa amevaa kijani, na mbio zake zikaishia hapo.

Jezi ya vitone vyekundu ya mfalme wa milima ni ngumu kuitabiri kabla ya mbio, na si vyema kupoteza muda mrefu juu yake. Siku za karibuni mara nyingi huchukuliwa na mgombea wa njano bila hata kuitafuta, maana milima ya daraja la juu kabisa hutoa pointi 20 kileleni na ya daraja la nne hutoa moja tu. Ngoja wiki ya pili uone nani aliyepoteza muda kwenye msimamo ameanza kuchomoka mbele ya kundi kila siku.

Kuchomoka kwenyewe kuna kanuni zake. Wafaransa wana kipimo cha zamani kinachobeba jina la mtangazaji Robert Chapatte: kundi kuu likiamua, hurudisha dakika moja kwa kila kilomita kumi. Waliochomoka wakiwa na dakika tatu na kilomita 20 zimebaki, wana nafasi nzuri. Wakiwa na dakika moja na nusu, andika jina la sprinta. Lakini neno zito pale ni "likiamua". Uliza timu gani ina sababu ya kuvuta leo. Sprinta wakubwa wakiwa wawili tu waliobaki wazima, timu mbili peke yake zitafanya kazi, na zitachoka. Kiongozi wa njano akiwa na akiba ya dakika nne, timu yake itaridhia kundi liondoke, mradi hakuna aliye karibu kwenye msimamo. Hivyo unapotafuta mshindi wa siku ya vilima wiki ya tatu, anza na waliopungukiwa dakika 20 au zaidi. Aliye nyuma kwa dakika 6 haruhusiwi kwenda popote, hata awe na miguu ya dhahabu.

Upepo wa ubavu ndio unaotuumiza zaidi, kwa sababu hauonekani kwenye mchoro wa hatua. Mwaka 2020, hatua ya 7 kuelekea Lavaur, siku iliyoonekana tupu kabisa, kundi lilikatika vipande na Pogačar akapoteza dakika 1 na sekunde 21. Kila asubuhi ya hatua tambarare tazama utabiri wa hali ya hewa wa miji mitatu njiani, mwanzo, katikati na mwisho, kisha linganisha uelekeo wa upepo na uelekeo wa barabara. Upepo wa kilomita 35 kwa saa ukipiga ubavuni kwenye mashamba ya wazi, hasa pale barabara inapopinda kutoka upepo wa mbele hadi wa ubavu, ni hatari. Barabara ikipita msituni au kati ya nyumba, upepo ule ule si kitu. Kwa Afrika Mashariki hatua nyingi za Julai huanza kama saa nane mchana na kuisha karibu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo muda wa kuangalia upepo na kubadilisha utabiri upo, kama hujalazimishwa kuutoa usiku.

Anayeishi Kigali, Goma au Bujumbura atauliza kama haya yanafaa kwa Tour du Rwanda. Yanafaa kwa sehemu. Mbio zile ni za siku nane hivi, kwa hiyo bahati haina muda wa kusawazishwa, na timu zina watu wachache kuliko wanane, kwa hiyo hakuna timu inayoweza kulifunga kundi siku nzima. Tangu zipande daraja mwaka 2019 hadi 2025, aliyerudia ushindi ni mmoja tu, Natnael Tesfazion wa Eritrea, 2020 na 2022. Huko anayeongoza baada ya siku tatu hatumpi zaidi ya 35 kati ya 100, tena tunaongeza uzito kwa anayeishi na kufanya mazoezi juu, maana barabara nyingi zipo juu ya mita 1,500. Waeritrea hupata faida hiyo kwao Asmara, iliyo juu ya mita 2,300. Na vilima vya mawe vya Kigali siku ya mwisho vimewahi kugeuza msimamo wa sekunde chache, kwa hiyo usifunge daftari Jumamosi.

Kuhusu daftari: bila kuweka alama hutajua kama unaboreka. Tunatumia hesabu nyepesi. Ulipompa mtu 70 kati ya 100, andika 0.7. Akishinda, toa 0.7 kwenye 1, upate 0.3, kisha zidisha yenyewe kwa yenyewe: 0.09. Akishindwa, ni 0.7 mara 0.7: 0.49. Alama ndogo ni nzuri. Baada ya hatua 21, tafuta wastani, na utenge hatua tambarare, za vilima, za milima na za saa, kila aina peke yake. Wengi wetu hugundua kuwa tunafanya vizuri milimani na tunajidanganya tambarare, ambako hutoa 60 kwa sprinta tunayempenda.

Hatua ya mwisho nayo ilikuwa na alama ya bure. Kwa miongo mingi ilitosha kuandika majina matatu ya masprinta wa Champs-Élysées. Mwaka 2025 waandaaji waliingiza kilima cha Montmartre mara tatu, Rue Lepic, kilomita 1.1 ya mawe, asilimia 5.9. Mvua ilinyesha, muda wa msimamo ukafungwa mapema ili wagombea wasihatarishe, na masprinta wakabaki nyuma. Van Aert alimwacha Pogačar kwenye mzunguko wa mwisho wa mlima na kuingia Champs-Élysées peke yake. Waliokuwa wameandika majina kwa desturi walipata alama ya 0.25 na zaidi kwa jina lolote walilolipa 50 au zaidi kati ya 100, na mchoro wa hatua hiyo ulikuwa umetolewa mwezi Mei.